Kishona nguo, mjusi na zipu iliyogoma

Hii ni ile hotuba niliyotoa Jumamosi kwa mafundi wa nguo hapa Nakuru. Wengi mlikosa, wengine mlikuwa na yunifomu za kumaliza kabla shule zifunguliwe, wengine mvua iliwashika huko Njoro, kwa hivyo nimeiandika yote vile nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na vile vitu tulivyoshika mkononi pia havipiti kwa simu, mtajiwazia tu.

Haya.

Mafundi wenzangu, hamjambo? Hamjambo tena? Nyinyi wa nyuma mliokaa karibu na birika la chai, nyinyi ndio nauliza, hamjambo? Asanteni. Wazee, kina mama, vijana mnaosomea fasheni, nawasalimu wote. Nimeambiwa niongee kuhusu vifungio vya nguo vilivyotokana na viumbe na mimea, na mimi si profesa, mimi ni fundi wa cherehani, nimekaa kwa hiki kiti miaka mingi mpaka mgongo unakijua. Kwa hivyo nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Kuna binti mmoja kutoka kule Bahati nilimshonea gauni la harusi. Gauni zuri, msiniulize, lilikaa mwilini kama alizaliwa nalo. Nyuma niliweka zipu ya kujificha, ndefu, na nikiwa mkweli nilinunua ile ya bei ya chini manake pesa ilikuwa imebana. Asubuhi ya harusi nikaifunga mwenyewe. Ikapanda kama maji. Watu wakapiga vigelegele, nikalipwa, nikala pilau, nikaenda nyumbani.

Saa tano usiku simu ikalia. "Fundi, zipu imekataa." Imekataaje? "Imekataa kufunguka." Nikachukua mshumaa, nikachukua mkasi mdogo, nikapanda bodaboda na hiyo baridi yote. Kufika, nakuta bwana harusi amekaa nje kwa ngazi na koleo mkononi, hasemi kitu, na ndani shangazi ya bibi harusi ameshamaliza hiyo kesi. Amekata gauni langu kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Amekata na nini? Na kisu cha keki.

(Hapa watu walicheka sana, nikangoja.)

Chekeni tu. Lakini mimi usiku huo sikulala, nilikuwa najiuliza, hiyo zipu ilifanya kazi yake ama haikufanya? Ilifunga. Ilifunga mno! Na sisi si hiyo ndiyo tunauza? Mteja anakuja kujaribu nguo, tunamgeuza mbele, tunamgeuza nyuma, imefunga, imekaa, lete pesa. Nani hapa humwambia mteja, sasa ivue, peke yako, bila mtu kukusaidia? Inueni mikono nione. Mmoja. Mmoja tu, na huyo nasikia hushona nguo za watoto wa chekechea, hana ujanja, mtoto akishindwa kuvua mwalimu anampigia simu.

Sasa ile siku ndio nilianza kuangalia vitu vinavyofungua. Vinavyofungua, si vinavyofunga. Na nikagundua kwamba hawa walimu wetu wa bure, mimea na wadudu na ndege, kila mmoja wao ako na jibu lake kuhusu kufungua, na wengine jibu lao ni baya kabisa.

Niwapeleke Mombasa kidogo. Nilienda kumtembelea binamu yangu anakaa Kisauni, na siku ya pili nikazunguka nyuma ya nyumba kuanika nguo. Nikirudi, sketi yangu imejaa zile mbegu nyeusi nyembamba, mnazijua. Mimi kwetu tunaziita mucege. Shuleni tuliambiwa blakijeki. Kijaluo mnaziitaje? Na nyinyi wa kutoka Kuresoi? (Kila mtu akapiga kelele na jina lake, dakika mbili zikaisha.) Haya, haya, inatosha. Sasa kulikuwa na bibi mmoja mzee mwenye hiyo nyumba, nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, akaniangalia sketi, akasema, "Mwanangu, kishona nguo kimekushona."

Kishona nguo! Mimi nikasimama pale na sketi yangu. Nimekuwa fundi miaka yote hiyo na sikujua kuna mmea ambao Kiswahili kimeupa cheo changu. Mtu wa zamani aliangalia hiyo mbegu ikishikanisha leso na leso akasema, ah, huyu ni mshonaji. Hakusema ni mchomaji, hakusema ni mwizi wa lifti, ingawa yote mawili ni kweli.

Basi nikarudi nazo, na mtoto wa dada yangu akanionyesha kuna kile kilenzi unabandika kwa kamera ya simu unaona vitu vidogo. Tukaiangalia. Kwa ncha ya hiyo mbegu kuna miiba miwili, saa zingine mitatu ama minne. Hata jina lake la kisayansi, Bidens, kwa Kilatini ni meno mawili. Na kila mwiba ukiuangalia karibu una vimiba vingine vimeelekea nyuma, kama chusa ya mvuvi. Unaingia rahisi, kutoka haukubali. Ukivuta, unakatika ama unavuta uzi wa sketi yako na yeye.

Sasa niulize, hicho ni kifungio kizuri? Kwa mbegu ni kizuri sana, mbegu haina haja ya kufunguka, inataka tu kubebwa mbali iangushwe. Huo mmea asili yake ni bara la Amerika, na umefika kila shamba la hapa kwetu mpaka tunadhani ni wa babu zetu. Lakini kwa nguo? Kishona nguo ni ile zipu yangu ya Bahati. Anashona, hafumui.

Tuingie Uswisi. Huko kulikuwa na injinia mmoja anaitwa George de Mestral. Mwaka 1941 alitoka kuwinda milimani na mbwa wake, akarudi suruali yake na manyoya ya mbwa yamejaa mbegu za mviringo za mmea wa huko Ulaya, ni wa ukoo mmoja na hii yetu ila si mmea uleule. Mimi na nyinyi tungetukana tukazing'oa. Huyu akaweka moja chini ya hadubini. Akaona nini? Hakuona vimiba vya chusa. Aliona kulabu. Kila mwiba umejikunja kwa ncha kama ndoano, na hiyo ndoano inashika kitanzi chochote, kitanzi cha uzi, kitanzi cha nywele, na kwa sababu ni ndoano inayopindika kidogo, ukivuta inanyooka, inaachilia, halafu inarudi ilivyokuwa.

Mmesikia hapo? Inaachilia. Hapo ndipo pesa ilikuwa.

Halafu ndio akateseka. Msifikirie aliamka kesho yake akawa tajiri. Alienda Lyon huko Ufaransa, mji wa wafumaji, na wengi hawakumchukulia maanani, mmoja akakubali kumfumia kwa pamba, kipande kimoja cha vitanzi na kingine cha kulabu. Kikashika! Lakini pamba ikachoka haraka. Akahamia nailoni, ikafumwa kwa joto ikashika umbo na isipoteze. Vitanzi vikawa tayari. Kulabu je? Hapa nataka mafundi mnisikilize, manake hii ni akili ya kifundi kabisa wala sio ya maabara. Kulabu ni nini? Kulabu ni kitanzi kilichokatwa upande mmoja. Basi. Anafuma vitanzi vya nailoni ngumu, anavikausha na joto, halafu anapitisha makasi yanakata kila kitanzi kando karibu na ncha, na kile kipande kinachobaki kimepinda ndio ndoano. Miaka ilipita kabla apate mashine ya kukata hivyo vizuri. Hataza yake ya Marekani, ile karatasi ya serikali ya kusema huu uvumbuzi ni wako, alipata mwaka 1955. Kutoka ile siku ya mbwa, hesabuni wenyewe, miaka 14.

Jina akaunganisha maneno mawili ya Kifaransa, velours ambayo ni kitambaa cha manyoya kama mahameli, na crochet ambayo ni ndoano. Velcro. Sisi huku tunaita kila kitu hivyo, hata ile ya kutoka kwa duka la jumla isiyo na jina, na sababu iko, hataza yake iliisha mwisho wa miaka ya 70 na kila kiwanda kikaanza kutengeneza ya kwake. Wanaanga waliokwenda mwezini waliitumia kushika vitu visielee. Na mwaka 1984 mtangazaji wa TV wa Marekani, David Letterman, akavaa suti nzima ya kulabu akaruka kwa ukuta wa vitanzi akabaki ameganda huko juu kama mbegu. Mzee mzima.

Lakini mimi siwauzii Velcro hapa, nina maneno nayo. Kwanza inakula uchafu. Kulabu hazichagui, zitashika kitanzi chako, zitashika nywele, uzi, manyoya ya sweta, na hii vumbi yetu ya Nakuru mwezi wa pili mnaijua, baada ya miezi michache ile ndevu inajaa takataka na haishiki tena. Si ya kwangu tu hiyo shida. Jeshi la Marekani liliiweka kwa mifuko ya pembeni ya suruali za kombati, na mwaka 2010 wakarudisha vifungo vya kawaida. Jeshi lote hilo na bajeti yote hiyo, wakarudi kwa kifungo cha matundu manne! Pili ni kelele. Askari anajificha msituni anafungua mfuko, kraaaa, adui ashajua. Kanisani ni vilevile, nitafika hapo.

Na tatu, hii ni kosa letu sisi, tunaishona vibaya. Velcro ina nguvu ikivutwa kwa ubapa, yaani vipande viwili vikijaribu kuteleza kimoja juu ya kingine, hapo kulabu zote zinavuta pamoja kama watu kwa kamba. Ukiinyanyua kutoka kwa ncha inakuja kiurahisi, manake hapo unapigana na mstari mmoja wa kulabu kwa wakati, wengine wote wanangoja zamu. Sasa utaona fundi ameweka kwa kiuno cha sketi mahali ambapo tumbo likipumua linainyanyua ncha, halafu anashangaa ikifunguka kwa matatu. Weka mahali mvuto unaenda kwa ubapa. Na upande wa kulabu uelekee mbali na ngozi, tafadhali, mtoto asikwaruzwe. Na umwambie mteja aifunge kabla ya kufua, la sivyo itatoka kwa beseni na sweta ya mtu.

Sasa shikeni hayo manyoya mliyopewa mlangoni. Ni ya kuku, msiogope, nilitaka ya flamingo kutoka ziwani lakini sitaki kushikwa na askari wa mbuga kwa sababu ya hotuba. Pasueni huo unyoya kwa ubavu, uachane, uwe na pengo. Mmeona? Umeharibika. Sasa ushike kwa vidole viwili, upitishe kutoka chini kwenda juu, polepole, mara mbili.

Imerudi ama haijarudi?

(Imerudi! Huyo ni mzee mmoja wa mbele, alifanya tena na tena mpaka nikamwambia baba, tuachie kuku kidogo.)

Hiyo ndiyo zipu ya kwanza duniani. Kutoka kwa mti wa kati wa unyoya yanatoka matawi, na kila tawi lina vitawi, na vitawi vya upande mmoja vina vikulabu vidogo, vya upande wa pili vina mfereji, kikulabu kinakaa kwa mfereji na kinaweza kuteleza. Ukivuta kwa nguvu hakikatiki, kinaachilia. Halafu ndege anapitisha mdomo, anafunga upya. Ndiyo maana unaona kuku amekaa kwa jua anajichokoachokoa mchana mzima, wewe unadhani ni chawa, kumbe mwenzako anafunga zipu elfu na elfu. Kuna wanasayansi wa California mwaka 2019 walipima nafasi kati ya hivyo vitawi kwa ndege wengi, kutoka kwa ndege mdogo kuliko yule ndege anaitwa chozi mpaka tai mkubwa wa Amerika, na nafasi ni ileile karibu, kati ya sehemu 8 na 16 za milimita iliyogawanywa mara 1000. Ndege mkubwa, ndege mdogo, saizi ya zipu ni moja. Si mngependa? Tuingie dukani tukute saizi moja ya zipu, inatosha jaketi na pochi!

Zipu ya chuma yenyewe haikutoka kwa kuku, nisiwadanganye ndio hotuba ipendeze. Mmarekani Whitcomb Judson alianza mwaka 1893 na msururu wa kulabu na macho wa kufunga viatu, ukawa unafunguka wenyewe, aibu tupu. Gideon Sundback, injinia mzaliwa wa Sweden, akaachana na kulabu akaweka meno yanayolingana pande zote mbili, karibu na mwaka 1913, na hataza akapata 1917. Jina la zipu lilikuja 1923 na kampuni ya B.F. Goodrich iliyokuwa inaziweka kwa viatu vya mvua.

Lakini linganisheni. Zipu jino moja likitoka, nguo imeenda. Unyoya ukipoteza vikulabu mia hausemi kitu. Zipu inahitaji kichwa, na kichwa ndicho kinachokufa kwanza, mara nyingi meno ni mazima ila kichwa kimepanuka, ndiyo maana naambia vijana kabla hujabadilisha zipu nzima bana kichwa na koleo kidogo, kidogo tu, ujaribu. Na ikigoma, mshumaa ama risasi ya penseli, usivute. Mimi zipu ya Bahati ningeipaka mshumaa ikateremka, kama si shangazi.

Turudi Mombasa, usiku wa ile siku ya kishona nguo. Nimelala chali kwa kitanda cha binamu yangu, joto, na kwa dari yuko mjusi kafiri. Anatembea kichwa chini kama ako sokoni. Mimi na macho ya fundi najiuliza, huyu amejibandika na nini? Si gundi, gundi ingeacha alama, na ingeshika vumbi. Si kunyonya kama pweza. Na kama amebandikwa hivyo, mbona anakimbia? Gundi ya kushika hivyo ingemshika milele.

Jibu nilikuja kulisoma baadaye. Chini ya vidole vyake kuna nywele, maelfu na maelfu, na kila nywele imegawanyika kwa ncha kuwa vipande vidogo kama vijiko bapa, vidogo mpaka kwa milimita moja ungepanga 5000. Vikigusa ukuta vinaukaribia mpaka ule mvutano mdogo ulioko kati ya molekuli na molekuli unafanya kazi, unaitwa nguvu za van der Waals, jina la Mholanzi. Mwanasayansi Kellar Autumn na wenzake walionyesha hivyo mwaka 2002. Moja ni kama si kitu. Zote pamoja ni mjusi kwa dari.

Na kufungua? Hapo ndipo nilipenda. Mjusi hang'oi mguu. Anakunja vidole kutoka kwa ncha, anabadilisha pembe. Nywele ikifika karibu digrii 30 inaachilia yenyewe, bila nguvu. Kufunga ni kuvuta kwa ubapa, kufungua ni kuinua ncha. Hamjasikia hiyo mahali? Ni ile ya Velcro niliyowaambia! Mjusi na Velcro hawajawahi kukutana, na ujanja wao wa kufungua ni mmoja.

Watu wamejaribu kuiga. Mwaka 2003 mwanafizikia Andre Geim na wenzake wa Manchester huko Uingereza walitengeneza kitepu cha nywele za plastiki wakaninginiza mdoli wa Spider-Man kwa kioo. Huyo Geim baadaye alipata Nobel, kwa kitu kingine lakini. Chuo kikuu cha Massachusetts huko Amherst mwaka 2012 walionyesha kipande cha ukubwa wa kadi kinachobeba zaidi ya kilo 300 kwa kioo. Kwa nguo je? Bado, na mimi nawaambia msingoje. Hizo nywele zinataka mahali laini, kioo, plastiki, rangi ya mafuta. Kitambaa ni mashimo na nyuzi. Mjusi hawezi kukufungia kitenge.

Wengine nitawapitia haraka manake naona mtu ameshafungua birika. Nyuki ana mbawa nne lakini akiruka ni mbili, manake ubawa wa nyuma una safu ya vikulabu vinashika mkunjo wa ubawa wa mbele, akitua anafungua anakunja aingie kwa mzinga bila kurarua. Kereng'ende, yule wa ziwani mwenye macho makubwa, kichwa chake kimekaa kwa shingo nyembamba kama uzi, akikaa kula anakifunga kwa mabaka ya vinywele vinavyoingiliana, kama brashi mbili za viatu ukizisukuma pamoja, hakuna kinachohitaji kulingana na kingine, zinabanana tu. Stanislav Gorb wa Kiel huko Ujerumani amefanyia hiyo kazi miaka mingi. Na kabla ya zipu na Velcro kulikuwa mwiba. Mroma Tacitus aliandika mwaka 98 kwamba Wajerumani hufunga joho kwa bizimu, yaani kama pini kubwa, na asiyekuwa na bizimu anatumia mwiba. Kwa hivyo ukikosa pini usione haya.

Sasa niwaambie ya mama yangu, halafu nikae.

Mama alipata kiharusi miaka mitatu imepita. Mkono wa kulia haukurudi. Mimi binti yake ni fundi, nguo zake zote nimeshona mimi, vifungo mbele, vidogo, vizuri, sita. Nikaja kugundua kwamba Jumapili mama hanywi chai asubuhi. Mama hapendi chai? Huyu mama angekunywa chai akiwa amelala. Nikamuuliza, akanyamaza, baadaye dada yangu ndio akaniambia, hanywi chai ili asiende choo akiwa kanisani, manake akienda lazima aite mtoto wa watu amfungulie na amfunge. Vifungo vyangu mimi.

Nikashona gauni lingine. Vifungo nikavibandika juu ya pindo, vya kuangaliwa tu, maana mama hataki kuonekana amevaa nguo ya mgonjwa, na chini yake nikaweka Velcro moja ndefu kutoka kifuani mpaka tumboni. Nikajisifu. Jumapili hiyo wakati wa maombi, kimya, mchungaji ameinamisha kichwa, mama akaamua kwenda choo. Kraaaaa. Kanisa zima liligeuka! Na hata hivyo alishindwa kuimaliza, mkono mmoja haukuweza, ilikuwa inashika kwa ubapa mahali pote kwa pamoja.

Nikakaa chini nikamkumbuka yule mjusi wa dari. Nikafumua yote. Nikakata vipande vya sentimita mbili, vitano tu, na nafasi kati yao. Kwa kona ya juu ya kila kimoja nikashona kitanzi cha leso, ukubwa wa kidole gumba, upande wa kushoto kwa sababu mkono wake ni wa kushoto. Anaingiza kidole, anainua ncha, kinakuja. Polepole hakina kelele, kinasema tu krr. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni nikitaka kumsaidia, akaniambia, "Wewe toka hapo." Nikatoka.

Siku hizi anakunywa vikombe viwili kabla ya kanisa.

Haya, kwa ile meza ya kando ya chai nimeweka hilo gauni lake la zamani la vifungo sita, hilo la vitanzi, na koti lenye zipu. Nataka kila mtu apite hapo aivae na aivue, na mkono mmoja tu. Hapana, sio baadaye mama, sasa hivi. Wekeni mkono wa kulia mgongoni. Wote. Na ubaki hapo hapo mpaka mfike kwa meza, hata wewe uliyeshika kikombe.